Umelipia nyumba lakini hati haihami: yanayokwamisha kisheria na jinsi ya kuyamaliza mapema

Swali ni lile lile, linakuja kwa maneno tofauti tu. "Nimenunua nyumba, nimelipa yote, mkataba ninao na muhuri wa wakili upo, mbona nusu mwaka inaisha hati bado ina jina la muuzaji?" Ukimchimba muulizaji kidogo unakuta kilichokwama hakijaanzia ofisi ya ardhi, kilikuwepo kwenye ile nyumba kabla hata dalali hajampigia simu: mke hajasaini, mwenye jina kwenye hati alishafariki na mirathi haijafunguliwa, mkopo ulilipwa lakini rehani haikufutwa, kodi ya pango la ardhi haijaguswa tangu enzi za Mkapa. Kuna kucheleweshwa kwa kiofisi pia, sibishi, ila mafaili mengi yanarudishwa kwa sababu za upande wa muuzaji ambazo zilionekana mapema kama mtu angetafuta. Kanuni ninayoishikilia ni hii: pesa ifuate karatasi, isitangulie.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa nyumba yenye hati. Zanzibar wana sheria zao za ardhi, usichanganye. Nyumba isiyo na hati nimeigusa mwishoni.

Kabla hujaanza, kuwa na hivi

- Kopi ya hati nzima, kurasa zote na ramani yake nyuma. Picha ya ukurasa wa kwanza uliyotumiwa WhatsApp haitoshi.
- Kitambulisho cha NIDA na TIN, vyako na vya muuzaji. TRA hawasogei bila TIN.
- Picha za pasipoti za pande zote.
- Risiti ya karibuni ya kodi ya pango la ardhi.
- Cheti cha ndoa cha muuzaji, au cha talaka, au cha kifo cha mwenza, au kiapo kwamba hajaoa/hajaolewa.
- Wakili WAKO. Siyo wa muuzaji, siyo rafiki wa dalali. Ingia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uangalie jina lake kama lipo na anaruhusiwa kufanya kazi, ni dakika chache tu.
- Pesa ya pembeni nje ya bei ya nyumba: upekuzi, uthamini, ushuru wa stempu, ada za usajili, ada ya wakili. Wengi wanakwama katikati kwa sababu walimaliza akiba yote kwenye bei.

Hatua ya 1: Fanya sachi kabla hujatoa hata shilingi

Sachi ni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Unaandika ombi, unaambatanisha kopi ya hati, unapewa kontrol namba, unalipa, unasubiri majibu ya maandishi. Siku hizi si lazima kusafiri mpaka kanda, maana tangu 2020 mikoa yote ya Bara ina ofisi yake ya ardhi. Majibu yatakwambia mmiliki aliyesajiliwa ni nani, kiwanja namba ngapi na kitalu gani, na kama kuna rehani, zuio au amri ya mahakama.

Yasome pamoja na hati yenyewe, na angalia kitu kimoja ambacho watu hawaangalii kabisa, nacho ni miaka. Ardhi ya Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, wewe unanunua haki ya kuitumia kwa muda, na hati nyingi ni za miaka 33, 66 au 99. Sasa hati ya miaka 33 iliyoanza 1993 inaisha 2026, kwa hiyo unaweza kukuta unauziwa nyumba ya mamilioni yenye hati iliyobakiza miezi, na hapo muuzaji anatakiwa kuihuisha kwanza ndo muendelee.

ANGALIZO: usipokee sachi aliyoileta dalali, hata kama ina muhuri. Fanya ya kwako. Na irudie siku chache kabla ya malipo makubwa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa katikati hapo ukiwa unakusanya hela.

Hatua ya 2: Linganisha majina herufi kwa herufi

Hati inasoma Mohamed, NIDA inasoma Muhammad, TIN ina majina mawili tu na hati ina matatu. Kwako wewe ni mtu yule yule, kwa msajili ni watu watatu. Tofauti ndogo ya tahajia hutatuliwa kwa kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Aliyebadilisha jina kabisa, mfano aliyechukua jina la mume au aliyebadili dini, anahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Yamalizeni wiki ya kwanza, maana faili likirudishwa kwa herufi moja linaanza foleni upya.

Hatua ya 3: Ndoa ya muuzaji

Hapa ndo dili nyingi zinafia, na ndo nataka usome taratibu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwenza mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Kwa hiyo lile neno la "nyumba ni yangu, nilijenga mwenyewe kabla sijaoa" usilimeze hivi hivi, cha kwanza ni kujua nani anaishi pale na kwa haki gani.

Fanya hivi. Nenda kwenye nyumba zaidi ya mara moja, nenda na jioni watu wakiwepo, siyo tu saa nne asubuhi dalali alipopanga. Ongea na wanaoishi humo, ongea na jirani, muulize mjumbe familia ya hapo ni akina nani. Muulize muuzaji wazi: umeoa? wangapi? kila mmoja anaishi wapi? Kama ana wake wawili, anayeishi kwenye hiyo nyumba ndo ridhaa yake inakuhusu sana, na mimi ningechukua ya wote.

"Tuliachana zamani" siyo talaka. Watu wametengana miaka kumi, kila mtu na maisha yake, kisheria bado ni mke na mume mpaka pawe na talaka ya mahakama. Na talaka ikiwepo, dai uone pia uamuzi wa mgawanyo wa mali, kwa sababu unaweza kukuta talaka ipo lakini nyumba haijagawanywa na mtalaka ana sehemu yake humo. Halafu kuna wanaoishi pamoja bila cheti: kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kina dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na wakahesabika kwa watu kuwa ni mke na mume, kwa hiyo "huyu ni mzazi mwenzangu tu" nayo si jibu la kukutuliza.

Ridhaa iwe ya maandishi, mwenza asaini mwenyewe mbele ya wakili, kwa picha na kitambulisho chake. Wapo wauzaji wanaokuja na "mke" wa kukodi, mama anasaini, anaondoka, mwezi unaofuata mke wa ndoa anatua baraza la ardhi na watoto. Wakili alinganishe jina na cheti cha ndoa na NIDA, na wewe uwe umeshamwona huyo mama nyumbani kwake kabla ya siku ya kusaini.

Hatua ya 4: Kama jina kwenye hati ni la marehemu

Watoto hawawezi kukuuzia nyumba ya baba yao kwa sababu tu ni watoto wake, hata wakisaini wote kumi na ukoo mzima ukashuhudia. Mlolongo unakwenda hivi: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha familia na muhtasari wake, maombi mahakamani, tangazo, halafu mahakama inamteua msimamizi wa mirathi. Kwa Mahakama ya Mwanzo barua ya uteuzi ni ile Fomu namba 4, iulizie kwa jina hilo.

Sasa kuna hatua inayorukwa karibu kila mara. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa apeleke uteuzi ofisi ya ardhi asajiliwe kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu, NDIPO asaini uhamisho kwako. Unakuta mtu ananunua kwa msimamizi mwenye Fomu namba 4 mkononi, wanajaza fomu zote, wanalipa kodi, faili linagonga kwa msajili kwa sababu kwenye rejista mmiliki bado ni marehemu. Miezi inapotea hapo bure.

Msimamizi siyo mmiliki, anauza kwa niaba ya warithi. Kwa hiyo chukua ridhaa ya maandishi ya warithi wote wazima. Kama kuna mrithi mtoto, wakili wako aangalie sehemu yake inalindwaje. Nenda mahakama iliyofungua shauri ukaulize kama kuna pingamizi au rufaa. Na lipa kwenye akaunti ya mirathi, usimpe msimamizi taslimu, maana warithi wasipoona mgao wao hawamfuati kaka yao, wanakufuata wewe uliye ndani ya nyumba.

Hatua ya 5: Rehani

Kuna hali mbili. Ya kwanza mkopo bado upo. Hii haitishi ikifanywa wazi: omba barua ya benki inayoonyesha deni lililobaki mpaka tarehe fulani, andikeni makubaliano ya watatu (wewe, muuzaji, benki), pesa ya deni iende moja kwa moja benki na benki ijifunge kwa maandishi kutoa hati na waraka wa kufuta rehani ndani ya siku kadhaa. Kosa ni kumpa muuzaji pesa "akakomboe hati". Akifika nayo mtaani ina kazi nyingine.

Ya pili ndo inayoshangaza watu: mkopo uliisha miaka mingi, hati anayo muuzaji nyumbani, lakini sachi inaonyesha rehani. Maana yake benki ilimrudishia hati na hakuna aliyekwenda kusajili kufutwa kwa rehani. Kwa msajili rehani ipo mpaka karatasi ya kuifuta isajiliwe. Anatakiwa arudi benki akaombe waraka huo, na kama benki yenyewe haipo tena inabidi kumtafuta aliyeirithi. Mfano Twiga Bancorp iliunganishwa na TPB (iliyokuwa Benki ya Posta) mwaka 2018, na TPB sasa ni TCB (Tanzania Commercial Bank), kwa hiyo mwenye rehani ya Twiga anabisha hodi TCB. Kumbukumbu za zamani zinachukua muda kutafutwa, hiyo kazi ianze siku ile ile sachi inapotoka.

Hatua ya 6: Zuio na kesi

Mtu yeyote anayedai ana maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa anaweza kuweka zuio kwa msajili chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi. Anaweza kuwa ndugu, mke, mdai, au mnunuzi mwingine aliyelipa advansi kabla yako. Usikubali "hilo zuio ni la kienyeji tu, litaondoka". Liondoke kwanza. Aliyeliweka aliondoe kwa maandishi, au mwenye nyumba aende Mahakama Kuu ili aliyeweka aitwe ajieleze.

Kesi nyingine hazionekani kwenye sachi kwa sababu hakuna aliyepeleka amri kwa msajili, kwa hiyo pita pia baraza la ardhi na nyumba la wilaya husika, pita serikali ya mtaa, uliza kuhusu hicho kiwanja.

Kizuri ni kwamba zuio ni silaha yako pia. Ukishasaini mkataba na kulipa sehemu, mwambie wakili aweke zuio kwa jina lako. Muuzaji hataweza kuiuza mara ya pili kwa mtu wa bei kubwa zaidi wakati wewe unasubiri.

Hatua ya 7: Madeni ya ardhi na hali ya kiwanja

Pango la ardhi lilipwe lote na riba yake, na muuzaji ndiye alipe, au likatwe kwenye bei kwa maandishi. Mlete mpima ahakikishe mawe ya mipaka yapo na ukuta haujala kiwanja cha jirani au barabara. Kama hati inasema makazi na mbele kuna fremu za maduka, jua suala la mabadiliko ya matumizi litakufuata.

Hatua ya 8: Mkataba na jinsi ya kulipa

Sheria inataka mauziano ya ardhi yawe ya maandishi. Ila maandishi yenyewe yawe na haya: kila karatasi ambayo muuzaji atatoa na tarehe yake, nani analipa kodi gani, tarehe ya mwisho, na nini kinatokea ikipita, pesa inarudi kwa siku ngapi na muuzaji anafidia nini.

Lipa kwa awamu zinazofungwa na karatasi. Awamu ya kwanza iwe ndogo na ikae kwenye akaunti ya wakili ya wateja. Awamu kubwa itoke karatasi zote zikishakamilika na fomu za uhamisho zikishasainiwa. Awamu ya mwisho, ibakize mpaka hati itoke ina jina lako. Muuzaji atalalamika, mwelewesheni, anayejua nyumba yake ni safi huwa anakubali mkizungumza vizuri. Muuzaji aliyelipwa yote hapokei simu anapohitajika kusaini upya ukurasa uliokosewa.

Ukiwa nje ya nchi, uko Muscat au London na ndugu anakununulia, toa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na isajiliwe huku, inayotaja nyumba yenyewe na mamlaka yenyewe. Hakikisha jina kwenye mkataba ni lako, siyo la kaka. Kama umeshachukua uraia wa nchi nyingine, ongea na wakili kuhusu hadhi yako kabla hata ya kutafuta nyumba, maana sheria ya ardhi inamtendea asiye raia tofauti.

Hatua ya 9: Uthamini, fomu na kodi

Mthamini aliyesajiliwa anakagua nyumba na ripoti inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Fomu za ardhi ni tatu, namba 29 ya taarifa ya uhamisho, namba 30 ya kuomba kibali, namba 35 ya kuhamisha yenyewe. Kila ukurasa unaotaka sahihi, picha na muhuri uwe navyo.

Upande wa TRA, kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji: 10% ya faida kwa mkazi, asiye mkazi anakatwa zaidi. Muuzaji mkazi asiye na kumbukumbu za gharama, tangu Sheria ya Fedha ya 2022 anakatwa 3% ya bei au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Chukua nyumba ya milioni 150: mwenye risiti za kununua na kujenga za milioni 110 ana faida ya milioni 40, kodi milioni 4. Asiye na kumbukumbu, 3% ya 150 ni milioni 4.5. Upo msamaha kwa nyumba ya kuishi ambayo faida haizidi milioni 15, mwenyewe kaimiliki miaka 3 na kaishi humo jumla ya miaka 3 au zaidi. Bila cheti cha TRA kuthibitisha kodi hii msajili hasajili, kwa hiyo muuzaji anayesema "mimi nataka yangu mkononi, kodi utajua mwenyewe" anakupa wewe huo mzigo, na mjue mapema mnagawanaje.

Ushuru wa stempu ni takriban 1% ya thamani na ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, ukipita kuna adhabu.

ANGALIZO: usikubali kuandika bei ya uongo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mthamini atakuja na thamani yake, TRA watauliza, faili litasimama, na siku mkigombana mahakamani utadai ile bei ya karatasi.

Hatua ya 10: Peleka kwa msajili na ulifuatilie faili

Ambatanisha hati halisi, fomu, kibali, cheti cha TRA, risiti zote. Tunza kopi ya kila ulichopeleka na ukurasa uliogongwa muhuri wa kupokelewa. Fuatilia kwa namba ya faili, siyo kwa jina la afisa. Hati ikitoka soma jina lako, namba ya kiwanja na tarehe pale pale dirishani.

Ukiwa umeshakwama

*Muuzaji kafariki kabla hati haijahama.* Mkataba wako haufi, ila hati ya uwakilishi aliyompa mtu imekufa naye. Mirathi ifunguliwe, wewe upeleke mkataba na risiti kama mdai, msimamizi asajiliwe kisha asaini. Zuio weka leo.

*Mke ametokea na hajui lolote.* Usimfukuze wala usimtishie. Kaeni na mawakili, sikiliza anachotaka, mara nyingi ni uhakika wa watoto watakapolala. Akikubali, ridhaa na sehemu yake viandikwe. Akikataa, dai pesa yako kwa muuzaji.

*Hati imepotea.* Ripoti polisi, kiapo, maombi kwa msajili, tangazo kwenye Gazeti la Serikali, mwezi mmoja wa kusubiri pingamizi, ndipo itolewe mpya. Ayafanye muuzaji. Na kabla ya yote hakikisha kwa sachi kwamba "imepotea" haimaanishi iko benki.

*Muuzaji anataka bei iongezwe kwa vile imechelewa.* Rudi kwenye mkataba. Kama aliyechelewesha ni yeye, wakili amwandikie notisi ya kutekeleza, mkishindwana mpeleke baraza la ardhi au mahakama kulingana na thamani.

*Faili halionekani.* Andika barua, ambatanisha kopi zenye muhuri wa kupokelewa, omba faili la muda lifunguliwe. Kliniki za ardhi zikifika mkoani kwako nenda nazo, pale maofisa wanakaa meza moja.

*Nyumba haina hati kabisa.* Sahihi ya mjumbe na mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi wa mauziano, siyo usajili. Hakuna sachi ya kufanya, kwa hiyo kazi yote ni ya miguu: majirani wa pande nne wasaini mipaka, muuzaji aonyeshe alinunua kwa nani, ridhaa ya mwenza na ya warithi vile vile. Kama kuna leseni ya makazi angalia muda wake, kisheria haizidi miaka 5. Uliza mtaani kama urasimishaji (kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila hati) umefika na namba ya kiwanja kwenye mchoro ina jina la nani, kwa sababu hilo jina ndilo hati itakapotoka itaandikwa, na kulibadilisha kabla hati haijatoka ni kazi ndogo kuliko baada.